Vitabu vinabunguliwa kila mwaka? Mwongozo kamili kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila ikifika mwezi wa kumi na moja meseji zinaanza. Mwalimu wa Makete, mchungaji wa Tukuyu, dada mwanachuo hapahapa Mbeya, wote kesi moja: nilianika vitabu mwezi wa saba, nikapuliza dawa ya mende, wadudu wakaisha kabisa, sasa nafungua kabati nakuta unga na matundu mapya. Halafu swali linakuja lilelile, eti kuna dawa gani kali zaidi.

Shida sio ukali wa dawa. Mwezi wa sita mpaka wa nane huku kwetu ni baridi, na mdudu akipigwa na baridi ya taratibu anazubaa tu, hafi. Anakaa ndani ya kitabu anasubiri. Wewe umepuliza nje hujaona kitu unasema nimeshinda, kumbe hakuna aliyekufa zaidi ya wale wachache waliokuwa wanatembea juu ya kava. Joto la mwezi wa kumi likiingia na mvua zikifuata wanaamka wote.

Kwa hiyo huu mwongozo una kazi mbili, kumuua aliyemo ndani, na kufanya chumba kisiwe kizuri kwake tena. Ukifanya moja ukaacha nyingine mwakani tutaandikiana tena.

Vitu vya kuandaa kabla hujagusa kitabu hata kimoja

- Karatasi nyeupe, A4 za kutosha
- Brashi ya kupakia rangi ya inchi mbili, mpya, yenye nywele laini
- Barakoa na glavu
- Nailoni nzito za kufungashia (rambo zilipigwa marufuku 2019 usihangaike kuzitafuta), hata nailoni za ndani za mifuko ya PICS (ile ya kuhifadhia mahindi bila dawa) zinafaa sana ila ziwe mpya, sio zilizotoka kwenye mahindi
- Selotepu pana na kalamu ya maka
- Friza, lako au la kuazima
- Chumvi robo kilo
- Tochi, ya simu inatosha
- Chupa tupu ya jemu ya kioo na maskintepu
- Kipima unyevu kidogo cha kidijitali kama mfuko unaruhusu

Ukiona sijaweka dawa kwenye orodha sijasahau.

Vitu ambavyo nakuomba usivitumie

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo watu wanapoumia.

Vidonge vya kufukizia mahindi. Kila nyumba yenye ghala huku nyanda za juu inavijua, na kila mwaka kuna mtu anaona ni akili kuweka kimoja kwenye kabati la vitabu chumbani. Kile kidonge kikikutana na unyevu wa hewani kinatoa gesi ya fosfini, gesi hiyo inapita kwenye nyufa na juu ya dari inaingia chumba cha pili walikolala watoto, na hospitali hawana dawa maalum ya kuiondoa mwilini, wanakusaidia tu upumue na moyo uende wakiomba Mungu. Tena inakula shaba, kwa hiyo hata redio na tivi vinakufa taratibu. Usiweke ndani ya nyumba wanayolala watu, hata kimoja, hata nusu.

Unga wa dawa ya mahindi. Ule umetengenezwa uchanganywe na punje, sio ukae katikati ya kurasa. Fikiria sisi tunavyofungua kitabu, unalamba kidole unafungua ukurasa, unalamba tena. Mtoto wa darasa la nne anasoma hadithi huku anakula dawa.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo. Vinanuka, vinafukuza kidogo, aliyejichimbia ndani ya kitabu haviwezi. Mtoto anaviona peremende, na kuna watoto ambao damu yao inavunjika wakivila au hata wakikaa na ile harufu sana.

Tumbaku na pilipili kavu. Bibi zetu walitumia, sawa, lakini mmoja wa hawa bungua wa vitabu chakula chake kikubwa ni tumbaku kavu na ndugu yake anakula mpaka pilipili ya unga, kwa hiyo hapo umewaongezea mboga. Majani mabichi ya mlingoti (mkaratusi) nayo yanaleta unyevu.

Jua. Najua nawaudhi wengi. Jua letu la mwezi wa saba linachoma uso ila hewa ni baridi, kitabu kinapata moto juu tu na katikati kinabaki baridi, na mdudu anachofanya ni kusogea ndani zaidi. Unachopata ni karatasi ya njano na gundi ya mgongo iliyopasuka. Kuanika ili kukausha, kivulini penye upepo, hiyo ndio sawa na tutaifikia.

Hatua ya 1: Mjue unayepigana naye

Usianze kugandisha kila kitu kabla hujajua. Chukua tochi, angalia kitabu, angalia ukuta nyuma ya kabati, angalia pembe za shelfu.

*Matundu ya duara, madogo ya kutosha kupita njiti au pini, yanatoboa kava na kurasa moja kwa moja, na unga mkavu unamwagika ukitikisa.* Huyo ni bungua. Anayekula ni mtoto wake, kabuu keupe kaliko ndani, mkubwa anatoboa tu kutoka. Huyu ndiye wa friza.

*Kurasa zimekwanguliwa juu juu, kava limeliwa rangi, gundi ya mgongo imelambwa.* Washa taa ghafla usiku. Ukiona kadudu kembamba ka rangi ya fedha, kana nyuzi tatu nyuma, kanakimbilia nyufa na ukikagusa kanaacha unga unaometa kidoleni, ndiye huyo, kwa Kiingereza silverfish. Anapenda unyevu mwingi na gundi ya wanga.

*Vijidudu vidogo sana rangi ya maziwa vinakimbia ukifungua ukurasa.* Chawa wa vitabu. Hawa hawatoboi, wanakula ukungu. Ukiwaona usiwachukie sana, wanakupa taarifa kwamba chumba chako kina maji.

*Madoa meusi au ya kahawia, kava la kitambaa limeng'atwa bila mpangilio, harufu nzito.* Mende.

*Kava kwa nje ni zima, ndani udongo.* Mchwa. Ruka moja kwa moja hatua ya 6, hao sio wa kusubiri hata kesho.

Ukifanikiwa hatua hii unaweza kusema jina la mdudu mmoja au wawili. Ukibaki unasema "wadudu wadudu tu" rudia usiku na tochi.

Hatua ya 2: Tenga

Toa vitabu vyote kwenye lile kabati, hata vinavyoonekana vizima. Tandika karatasi nyeupe mezani, simamisha kitabu juu yake, gonga mgongo taratibu mara tatu nne. Kilichodondosha unga kinaenda kushoto, kisichodondosha kulia.

Sasa watu wengi wanakosea hapa: unga sio ushahidi kwamba mdudu yupo, inawezekana alishaondoka mwaka juzi ukabaki unga wake. Namna ya kujua ni hivi. Safisha unga wote, laza kitabu kwenye karatasi nyeupe mpya, funga ndani ya nailoni, andika tarehe kwa maka, acha wiki mbili mahali pa joto la kawaida bila kukigusa. Ukikuta kakilima kapya ka unga kwenye karatasi, kuna mtu nyumbani. Mwezi wa saba hili jaribio linaweza kukudanganya kwa sababu ya baridi niliyosema, kwa hiyo kama ni kipindi cha baridi chukulia tu chenye matundu wote wamo, gandisha.

Onyo: usitengee kwenye maboksi ya sabuni au biskuti ya kutoka dukani. Mende anataga kwenye mikunjo ya boksi, vile vifuko vya kahawia vya mayai, ndo wanavyohamia nyumbani kwako na wewe ndo umewabeba.

Hatua ya 3: Safisha kikavu

Fanya nje barazani, upepo ukiwa mdogo, barakoa usoni. Shika kitabu kimefungwa vizuri, piga brashi kutoka kwenye mgongo kwenda nje, juu, pembeni, chini. Halafu fungua kava la mbele na la nyuma, pale kwenye bawaba ndipo wanapojificha, piga brashi palepale polepole.

Hakuna kitambaa chenye maji, hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa. Kitabu ukikilowesha umemwandalia chawa na ukungu chakula cha jioni.

Mizoga ya wadudu itoe yote, kuna wadudu wengine wanaokuja kula mizoga halafu wakimaliza wanahamia kwenye kava. Takataka chomeni au fukieni mbali, usitingishe karatasi pale dirishani.

Kitabu chenye ukungu kianike kivulini penye upepo mpaka ule ukungu uwe mkavu wa unga, ndipo upige brashi. Ukiupiga ukiwa mbichi unaupaka tu.

Hatua ya 4: Gandisha

Hii ndiyo inayoua mayai, mabuu na wakubwa bila sumu yoyote. Ila inataka nidhamu.

Kwanza pima friza. Kile kichumba cha juu ndani ya friji dogo mara nyingi hakifiki. Unataka nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kama huna kipimo fanya hivi: koroga chumvi robo kilo kwenye maji lita moja mpaka iyeyuke yote, jaza kikombe cha plastiki, weka ndani ya friza usiku kucha. Maji ya chumvi ya kiwango hicho hayaanzi kuganda mpaka yafike kama nyuzi 16 chini ya sifuri. Asubuhi tikisa kikombe. Ukikuta barafu barafu nyingi imeshikana, friza lako ni mwanaume. Ukikuta maji matupu, tafuta lingine, wauza samaki na aiskrimu wa Mwanjelwa hapa Mbeya wengi wanayo yanayofika, ongea nao vizuri uwaachie na hela ya soda.

Pili funga. Kitabu kikavu (kikavu!) ndani ya nailoni, minya hewa itoke kadiri unavyoweza, piga selotepu pasiwe na upenyo, kisha nailoni ya pili juu yake. Nailoni mbili ni kwa sababu ya unyevu, na kama friza ni la samaki utanishukuru. Andika tarehe ya kuingia.

Tatu ingiza ghafla. Kitabu kitoke kwenye chumba cha kawaida kiingie moja kwa moja kwenye friza ambalo tayari limeshaganda. Ukikilaza kwanza kwenye baridi ya nje ya Makete usiku mzima halafu ndo ukaingize, unampa mdudu muda wa kujizoeza baridi na wengine watapona. Hii pia ndo sababu sakitu ya Njombe haiwamalizi, inakuja taratibu na mchana inaondoka.

Usijaze friza kama gunia la viazi, acha nafasi hewa ya baridi ipite katikati, kitabu kinene kinachukua muda mrefu kugandika mpaka moyoni.

Nne subiri. Kwa friza la nyumbani la nyuzi 18, wiki mbili kamili. La viwandani linalofika 30 chini ya sifuri, siku 3 zinatosha. Umeme ukikatika muda mrefu mpaka barafu ikaanza kulegea, anza kuhesabu upya. Najua inauma.

Tano, na hapa ndipo watu wanaharibu kazi yote: ukitoa USIFUNGUE. Nailoni ibaki imefungwa saa 24 mpaka kitabu kirudie joto la chumba, kama ni mafungu makubwa saa 48. Utaona matone ya maji nje ya nailoni. Hayo maji yangekuwa kwenye kurasa zako ungefungua mapema.

Album za picha za zamani na michoro ya rangi za mafuta usigandishe, hizo zisafishe tu na uziangalie kwa karibu.

Mafanikio yakoje? Kitabu kinatoka kikavu, hakijajikunja, na ukikiweka juu ya karatasi nyeupe miezi inayofuata hakitoi unga mpya. Matundu ya zamani yatabaki, hayazibiki yenyewe, mtu asije kuniambia njia haijafanya kazi kwa sababu matundu bado yapo.

(Swali linaloulizwa kila mara, je mfuko wa PICS wenyewe bila friza hauwezi kuwaua kama unavyoua dumuzi wa mahindi? Kwenye mahindi unafanya kazi kwa sababu wadudu wengi na punje zenyewe vinamaliza oksijeni ya ndani. Kwenye vitabu una mabuu kumi tu kwenye mfuko mkubwa, oksijeni haiishi. Watakaa humo wanasoma.)

Hatua ya 5: Chumba na shelfu, kabla vitabu havijarudi

Wakati vitabu viko kwenye friza wewe usikae.

Anza na ukuta. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma zisizo na kizuizi cha maji chini kwenye msingi, maji yanapanda. Kata kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani unaogusa ukuta, ukuta wenyewe una maji, hamisha kabati. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba ndiyo nzito, shida ni madirisha na masufuria.

Kabati likae kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, sio wa nje unaopigwa na mvua, sio unaopakana na jiko wala bafu. Acha upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta. Shelfu ya chini kabisa iwe juu ya sakafu angalau kimo cha tofali moja lililosimama. Vitabu visibanane, kidole kiweze kuingia kati yake kirahisi.

Unyevu lenga chini ya asilimia 60. Ukishuka mpaka karibu 50 chawa wa vitabu wanakauka wenyewe bila kuwagusa. Kwa Iringa mjini na Usangu kiangazi hii ni rahisi. Tukuyu ni vita, mvua karibu mwaka mzima, huko fungua madirisha saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri siku yenye jua, funga kabla ukungu wa jioni haujashuka. Mufindi asubuhi yenye ukungu usifungue kabisa, unaingiza maji kwa mikono yako. Vile vipakiti vya silika vya kwenye viatu vinasaidia kwenye ndoo au kontena lililofungwa, kwenye kabati la wazi ni mapambo. Na kontena la plastiki lenye kitabu kibichi ndani ni shamba la uyoga, kausha kwanza.

Onyo kubwa: usikaushe chumba kwa jiko la mkaa ukafunga madirisha. Hewa yake haina harufu na inaua watu huku kwetu kila msimu wa baridi.

Mbao sasa. Shelfu nyingi ni za paini ya Mafinga iliyokatwa jana ikapigwa misumari leo, mbao mbichi na haijatiwa dawa. Chunguza na tochi, ukikuta matundu na unga kwenye ubao wenyewe usirudishe kitabu hapo hata ukiwa umekigandisha mara kumi. Badilisha ule ubao. Unaponunua chukua mkavu kabisa, piga msasa, paka vanishi koti mbili pande zote mpaka kwenye ncha zilizokatwa, halafu subiri harufu iishe kabisa ndipo upange.

Hatua ya 6: Kesi ya mchwa

Mchwa haishi kwenye kitabu chako, anakuja kula anarudi. Nyumbani kwake ni ardhini, kwa hiyo friza halikusaidii.

Tafuta njia yake, ile mistari ya udongo inayopanda ukutani au kwenye mguu wa kabati, saa nyingine inapita nyuma ya skatingi au kwenye fremu ya mlango. Ukiipata usiifagie yote. Vunja kipande cha urefu wa kidole katikati, kesho yake angalia. Ikishazibwa, njia inatumika na unajua wanatokea wapi.

Siku hiyohiyo toa vitabu vyote, tikisa nje, tenga vilivyoliwa. Miguu ya kabati isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo, makopo yasiguse ukuta wala pazia lisiguse kabati, maana pazia ni daraja. Hiyo ni kinga ya muda tu. Kumwaga mafuta ya taa kwenye njia yao kunawahamisha mita moja pembeni na kunakuachia hatari ya moto.

Kazi ya kudumu ni ya fundi wa fumigesheni mwenye leseni, atoboe pembeni ya msingi aingize dawa kwenye udongo. Muulize kabla anatumia dawa gani, na kama kuna kisima karibu mwambie kabla hajaanza. Toa na vile visiki na mbao kuukuu vilivyoegemea ukuta nje, hapo ndo wanapoanzia.

Hatua ya 7: Mitego na kalenda

Vitabu vimerudi, sasa unalinda.

Kwa wale wa rangi ya fedha, zungushia maskintepu nje ya chupa ya jemu mpaka mdomoni, ndani weka kijiko cha unga wa ngano, iweke nyuma ya kabati usiku. Wanapanda kwenye tepu, wanaingia, kioo ni laini hawatoki. Asubuhi mwaga kwenye maji ya sabuni.

Kwa mende, asidi ya boriki iliyochanganywa na unga na sukari kidogo, kwenye vizibo vya soda, nyuma ya makabati ambako mtoto na kuku hawafiki. Inachukua wiki sio usiku mmoja. Vaa glavu ukichanganya, kijiko ulichotumia kisirudi jikoni.

Kwa bungua, karatasi nyeupe imelazwa kwenye kila shelfu chini ya vitabu. Rahisi hivo. Mwishoni mwa mwezi wa tisa kabla joto halijakolea, chomoa, angalia, badilisha. Rudia kila mwezi mpaka wa kwanza. Huo ndio msimu wao wa kutoka. Karatasi ikikaa safi mwezi wa kumi mpaka wa kwanza, hapo ndo unaweza kusema umewamaliza, sio kabla. Ikitokea unga chini ya kitabu kimoja, ni kitabu hicho tu kinarudi friza na jirani zake wawili, usianze kupanga upya nyumba nzima.

Mwezi wa tano mvua zikikata pitia ukuta na nailoni yako tena.

Na vitabu vinavyoingia, vya mtumba ulivyonunua pembeni ya barabara, zawadi, vya ofisini, vyote vinakaa kwanza wiki mbili kwenye nailoni na karatasi nyeupe kabla ya kupanda shelfu. Kitabu ulichomuazima mtu kikirudi kipite hapohapo, hata kama aliyekiazima ni mchungaji.